Mgonjwa Mshauri: Maana Yake Katika Vikundi vya Wanafunzi wa Afya

Mgonjwa mshauri ni mtu aliyeugua, au aliyemuuguza wa kwao, anayekaa na kikundi cha wanafunzi wa udaktari, uuguzi au famasia na kushiriki kuamua kikundi kifanye nini na kwa namna gani. Neno la kushika hapo ni kuamua. Anayealikwa mara moja kusimulia ugonjwa wake, akapigiwa makofi na kurudi nyumbani, ni msimulizi. Kazi yake ina thamani, ila si ushauri. Mshauri huiona rasimu kabla haijachapishwa, na akisema "hii haifai," bado kuna nafasi ya kuibadili.

Wazo hili lina umri. Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978, lililotoka katika mkutano wa kimataifa kuhusu huduma ya afya ya msingi, lilitamka kwamba watu wana haki na wajibu wa kushiriki, mmoja mmoja na kwa pamoja, katika kupanga na kutekeleza huduma zao za afya. Hospitali nyingi zina mabaraza ya wagonjwa na familia. Jimbo la Massachusetts, Marekani, liliyafanya ya lazima kwa sheria ya mwaka 2008. Kuanza na wanafunzi kuna faida yake: mazoea yao bado ni laini.

Chukua kipeperushi cha dawa ya mtoto walichoandaa wanafunzi. Kimeandikwa "1×3". Kwao maana iko wazi: kimoja, mara tatu kwa siku. Mama aliyewahi kuuguza anauliza: mara tatu hizo ni asubuhi, mchana na jioni, au kila baada ya saa nane? Nimwamshe usiku? Akitapika dakika kumi baada ya kumeza, nirudie? Mwanafunzi aliyefaulu vizuri mtihani wa dawa anaweza asiyawaze maswali hayo, kwa kuwa hajawahi kumnywesha mtoto dawa usiku wa manane.

Anzeni na washauri wawili au watatu. Mmoja peke yake kati ya wanafunzi kumi na watano hunyamaza, na akisema, maneno yake huchukuliwa kuwa ya wagonjwa wote. Msiokote majina kwenye mafaili. Huko ni kuvunja siri. Muuguzi au daktari anayemfahamu mgonjwa amwombe ridhaa kwanza, ndipo nanyi mpewe namba yake. Aliye katikati ya matibabu mazito au msiba mbichi asubiri, hata akiwa na hamu. Wala asiwe mgonjwa anayehudumiwa wakati huo na wanafunzi haohao, maana ataogopa kuwakosoa.

Kabla ya kikao cha kwanza, kaeni naye nusu saa: kazi ni ipi, ni ya muda gani, siri zipi zisitoke nje, na kwamba anaweza kujitoa bila kueleza sababu. Ajenda imfikie wiki moja kabla, bila vifupisho vya wodini. Awe na mwanafunzi mmoja wa kumpigia simu. Nauli alipwe siku hiyohiyo, kwani si haki atoe muda wake na fedha yake pia.

Mambo huharibika zaidi kwa ukimya. Mshauri anasema, wanafunzi wanaandika, kisha hasikii tena lilikoishia. Baada ya vikao viwili vya namna hiyo, usishangae asipokuja. Kila kikao kianze na majibu: ulisema hivi, tumefanya hivi, na hili limeshindikana kwa sababu hii. "Hapana" yenye sababu haimvunji moyo kama kutojibiwa.

Tatizo jingine ni la wanafunzi hasa: viongozi hubadilika, wengine huhitimu, na uhusiano uliojengwa kwa miezi hupotea na simu ya katibu wa zamani. Kwa hiyo viongozi wapya wakutane na washauri huku viongozi wa zamani wakiwa bado madarakani, na orodha ya ahadi ambazo hazijatimizwa isomwe mbele ya wote.