Oda Haisomwi Kwenye Mlinganyo

Kila ninaposahihisha mazoezi ya kidato cha 6 hapa Mbeya nakutana na kosa lile lile: mwanafunzi ameuona mlinganyo uliosawazishwa, amechukua namba zinazotangulia vitendanishi na kuzigeuza vipeo vya kanuni ya kasi, ile inayoonyesha jinsi kasi ya mmenyuko inavyotegemea ukolezi wa vitendanishi, bila kuligusa jedwali la majaribio lililo chini yake. Hunisikitisha, kwa sababu jibu lote limo katika jedwali hilo.

Oda, yaani kipeo cha ukolezi katika kanuni ya kasi, au jumla ya vipeo hivyo, hupatikana kwa kupima. Katika 2N₂O₅ → 4NO₂ + O₂ namba 2 imo, lakini kasi ni k[N₂O₅], yaani oda ya 1; mabano ni ukolezi, na k ni namba isiyobadilika ya kasi. Katika NO₂ + CO → NO + CO₂, chini ya nyuzijoto 225 za Selsiasi, kasi ni k[NO₂]², na CO haina nafasi yoyote katika kanuni, kwa kuwa hatua ya kwanza, ambayo ndiyo ya polepole, hugonganisha molekuli mbili za NO₂, na CO huingia baadaye, kasi ikiwa imekwisha kuamuliwa. Mlinganyo hutaja vilivyoingia na vilivyotoka. Hatua zilizopitiwa hazimo. Wengi hupotezwa na 2NO + O₂ → 2NO₂, ambao vipeo vyake, 2 na 1, vimelingana na namba za mlinganyo, wakadhani ndivyo ilivyo kote. Mimi huwataka waufunike mlinganyo kwa kiganja mpaka wamalize kulinganisha majaribio mawili ambamo ukolezi wa kitendanishi kimoja tu umebadilika.

Wengine husema kwamba ukolezi ukiongezwa, k nayo huongezeka. Inayoongezeka ni kasi. Hiyo k hubadilishwa na jotoridi au kichocheo. Asubuhi ya Julai, maabara ikiwa na baridi yetu ya nyanda za juu, msalaba uliochorwa chini ya bika la sodiamu thayosulfeti na asidi huchelewa kufichwa na ukungu wa salfa kuliko saa nane mchana, ingawa myeyusho ni ule ule. Kwa mmenyuko wenye nishati amilishi (nishati ya chini kabisa inayohitajika ili mmenyuko utokee) ya kilojuli 50 kwa moli, kutoka nyuzijoto 15 hadi 25 k huongezeka takriban mara 2.

Nusumaisha, yaani muda wa ukolezi kupungua hadi nusu, isiyobadilika ukolezi unapobadilika ni ya oda ya 1 pekee.

Kuhusu vizio, k haina kizio kimoja cha kukariri: oda ya 1 ni s⁻¹, oda ya 2 ni dm³ mol⁻¹ s⁻¹, na anayeandika s⁻¹ chini ya kanuni ya oda ya 2 hakuisoma kanuni aliyoiandika mwenyewe.