Makaratasi kwa njia ya ndoa: kwa nini wakili huuliza kwanza uliingiaje Marekani

Mtu asiye na makaratasi, yaani anayeishi Marekani bila kibali, anapofunga ndoa na raia wa Marekani kisha akaenda kwa wakili wa uhamiaji, swali la kwanza atakaloulizwa halihusu mapenzi. Wakili hataki kujua mlikutana wapi wala arusi ilihudhuriwa na wangapi. Anauliza: "Uliingiaje?" Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama mambo yataishia katika ofisi ya uhamiaji ya karibu na nyumbani, au kama itabidi mtu atoke nje ya nchi akiwa hana hakika ya kurudi.

Usemi wa mitaani ni kwamba ukioa au ukiolewa na raia, makaratasi yamepatikana. Usemi huo unachanganya vitu viwili ambavyo sheria imevitenga. Cha kwanza ni ombi la raia, fomu I-130, ambalo kwalo raia anaiambia serikali: huyu ni mwenzi wangu, na ndoa yetu ni ya kweli. Likikubaliwa, kilichothibitishwa ni uhusiano tu. Unaweza kuwa na barua ya kukubaliwa I-130 kabatini na bado ukawa huna kibali cha kuishi, huna ruhusa ya kufanya kazi, na ukikamatwa unaweza kurudishwa kwenu. Cha pili ni hadhi yenyewe, yaani ukaazi wa kudumu, ule unaothibitishwa na kadi ya kijani. Ndoa inakupa haki ya kuuomba. Kupewa ni habari nyingine, na hapo ndipo mlango ulioingilia unapoanza kuhesabiwa.

Tuseme kuna ndugu wawili. Mkubwa alikuja kwa viza ya matembezi, akashuka uwanja wa ndege wa JFK, New York, akasimama mbele ya afisa, pasipoti ikagongwa muhuri, akapewa miezi 6. Miezi ikaisha, naye hakuondoka. Mdogo wake alipitia Mexico, akavuka mto wa mpakani, Rio Grande, usiku, hakuna afisa aliyemwona. Miaka kumi baadaye wanaishi nyumba moja, wanafanya kazi za malipo ya mkononi, na kila mmoja ameoa raia. Jirani akiwatazama ataona watu wawili wenye tatizo moja. Sheria inaona watu wawili tofauti kabisa.

Kifungu cha 245 cha sheria ya uhamiaji ndicho kinachoruhusu mtu kubadilishiwa hadhi akiwa ndani ya Marekani. Kinataka awe alikaguliwa na kuruhusiwa kuingia, au aliingizwa kwa ile ruhusa maalumu ya muda inayoitwa paroli. Mkubwa alikaguliwa. Kwamba alipitiliza muda wake na akafanya kazi bila kibali ni makosa, lakini mwenzi wa raia amewekwa katika kundi la jamaa wa karibu, na kundi hilo limesamehewa makosa hayo mawili katika hatua hii. Kwa hiyo mke wake anajaza I-130, yeye anajaza I-485, fomu ya kuomba ukaazi wenyewe, zinatumwa katika bahasha moja, na anasubiri akiwa nyumbani kwake. Ada zilizoanza tarehe 1 Aprili 2024 zilikuwa dola 675 kwa I-130 ya karatasi na dola 1,440 kwa I-485. Ada hizi hubadilika, kwa hiyo ziangalie upya siku ya kutuma.

Ile pasipoti kuukuu, yenye jalada lililobanduka na kurasa zilizonata kwa unyevu, isitupwe. Muhuri uliofifia katika ukurasa mmoja wa katikati unaweza kuwa ndio ushahidi pekee kwamba mtu alipita mlangoni. Ikiwa imepotea, kuna kumbukumbu ya kuingia, I-94, inayoweza kutafutwa kwa mtandao au kuombwa kwa fomu. Nimewahi kusikia watu wakisema waliichoma pasipoti ili wasijulikane walikotoka. Kwa mtu aliyeingia kwa viza, hiyo ni sawa na kuchoma risiti ya kitu ulichokilipia.

Neema hii ni ya mwenzi wa raia. Ukiwa umeoa mtu mwenye kadi ya kijani ambaye bado si raia, foleni ina kikomo cha idadi kwa mwaka, na msamaha wa kupitiliza muda haukuhusu. Ndiyo maana wengi huambiwa wasubiri mwenzi apate uraia kwanza.

Mahojiano ndiyo yanayoogopwa zaidi, nami naona yanaogopwa kupita kiasi na wenye ndoa za kweli. Afisa anapitia mkataba wa nyumba wenye majina mawili, akaunti ya benki, bima, picha za miaka mbalimbali. Anaweza kuuliza leo nani aliamka kwanza. Ndoa ya kughushi, ikigundulika, humfungia mtu mlango wa maombi yote ya baadaye ya aina hii, hata kama kesho atafunga ndoa halisi, na kwa jinai adhabu yaweza kufika miaka 5 gerezani na faini ya dola 250,000. Ndoa ikiwa haijafikisha miaka 2 siku ya kupewa ukaazi, kadi inatolewa ya miaka 2 tu, kwa masharti. Ndani ya siku 90 za mwisho kabla haijaisha, wote wawili wanatuma I-751 kuonyesha kwamba bado wako pamoja.

Jambo lisilosemwa vya kutosha ni mzigo anaoubeba raia. Anatia saini I-864, kiapo kwamba kipato chake kinafikia asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kwa ukubwa wa familia yake, na kwamba atamtunza mwenzake. Kipato kisipotosha, mdhamini mwingine anaweza kuongezwa. Saini hiyo haifutwi na talaka. Wajibu unaisha aliyedhaminiwa akiwa raia, akihesabiwa robo 40 za kazi (kama miaka 10 hivi), akiihama Marekani asirudi kuishi tena, au mmoja wao akifa. Mtu anayemsainia shemeji yake kwa ukarimu alisome hilo mara mbili.

Kwa upande mwingine, raia ana nguvu ya kutisha: anaweza kuliondoa ombi lake kabla halijakubaliwa, na wapo wanaoitumia nguvu hiyo kama fimbo. Tangu 1994 sheria ya kupinga ukatili dhidi ya wanawake imempa mwenzi anayeteswa njia ya kujiombea mwenyewe kwa fomu I-360 bila mtesaji kujua. Jina lake lisikudanganye, waume pia wamo. Na njia hiyo haimdai mtu aonyeshe kwamba alikaguliwa mpakani.

Turudi kwa mdogo. Hakukaguliwa, kwa hiyo kifungu cha 245 hakimpi nafasi. Mke wake akijaza I-130, itakubaliwa vizuri tu, kisha ataambiwa aende kuchukua viza ya mhamiaji katika ubalozi wa Marekani nchini kwao. Hapo ndipo mtego ulipo. Sheria iliyotiwa saini na Rais Bill Clinton tarehe 30 Septemba 1996, ikaanza kutumika 1 Aprili 1997, inasema hivi: aliyekaa bila kibali zaidi ya siku 180 lakini hajafikisha mwaka, akitoka, haruhusiwi kurudi kwa miaka 3. Aliyefikisha mwaka au zaidi, miaka 10. Siku alizokaa kabla ya kutimiza umri wa miaka 18 hazihesabiwi. Tazama ilivyokaa: adhabu inaamshwa na kutoka. Mtu anaambiwa atoke ili apate viza, na kule kutoka ndiko kunakomzuia kuipata. Wapo waliopanda ndege kwa nia safi, wakaenda mahojiano wakiwa na hati ya ndoa mkononi, wakajikuta wametenganishwa na watoto wao kwa muongo mzima.

Kinachofungua mtego huo ni msamaha, na tangu tarehe 4 Machi 2013 unaweza kuombwa mapema, mtu akiwa bado ndani ya Marekani, kwa fomu I-601A. Kuthibitisha ndiko kugumu. Lazima ionyeshwe kwamba mwenzi au mzazi aliye raia au mkaazi wa kudumu atapata dhiki ya kupindukia mwombaji akizuiwa. Watoto hawamo katika orodha hiyo, jambo linalowashangaza karibu wote. Na kusema "nitamkosa" hakutoshi, maana kila mke humkosa mumewe. Tuseme mama mkwe wa huyu mdogo amepooza, wanaishi naye, na mke hufanya kazi ya zamu za usiku. Anayemgeuza mgonjwa kitandani kila baada ya saa mbili ni mkwe. Barua ya daktari inayoeleza vidonda vya mgongoni, ratiba ya zamu, stakabadhi za mshahara, maelezo ya ndugu kwamba hakuna mwingine wa kuja: faili la namna hiyo lina uzito. Foleni yake ni ya miaka.

Wachache wana njia ya kando. Aliyeombewa na jamaa au mwajiri kufikia tarehe 30 Aprili 2001 anaweza kuangukia kifungu cha 245(i), akalipa nyongeza ya dola 1,000 na kubadilishiwa hadhi bila kutoka. Wenzi wa wanajeshi wanaweza kupewa paroli wakiwa papo hapo. Mwaka 2024 serikali ya Rais Joe Biden ilitaka kuwapa wenzi wa raia waliokaa miaka 10 paroli kama hiyo. Maombi yakaanza kupokelewa 19 Agosti, na mahakama ya shirikisho huko Texas ikaufuta mpango 7 Novemba mwaka uleule. Anayekuuzia leo fomu za mpango huo anakuibia.

Yapo mambo ambayo I-601A haiyagusi. Aliyekusanya zaidi ya mwaka bila kibali, akatoka, kisha akarudi kwa kuvuka mpaka kimya kimya, anaangukia katazo la kudumu, na hawezi hata kuomba ruhusa mpaka akae nje miaka 10. Jingine ni kisanduku kidogo katika fomu ya ajira kinachouliza kama wewe ni raia. Wengi wamekitia alama ili wapate kazi ya ghala, bila kujua kwamba kudai uraia usio wako baada ya 30 Septemba 1996 hakuna msamaha kwa anayeomba kupitia ndoa. Mdogo wetu lazima amweleze wakili haya yote kabla ya kukata tiketi, kwa sababu afisa wa ubalozi akigundua sababu nyingine ya kumkataa, msamaha aliopewa unabatilika wenyewe, naye yuko upande wa pili wa bahari.

Akiwa hana lolote kati ya hayo, atatoka, atahojiwa, ataulizwa tena lile swali la mto, atajibu ukweli, na viza itabandikwa. Kisha atapanda ndege hadi JFK na kusimama kwenye mstari aliosimama kaka yake. Ukaazi wake unaanza hapo, afisa anapogonga muhuri.