Je, wajua kwa nini deki inapiga MP3 lakini inaikataa FLAC iliyo kwenye flashi ileile?

Katika vibanda vya mitaa ya Kenya na Katuba, hapa Lubumbashi, unampa kijana flashi yako naye anakujazia miziki ya wiki nzima. Karibu yote ni MP3, na deki ya sebuleni inaipiga bila kusumbua. Lakini mpenzi wa gitaa la zamani la Katanga hatosheki na hiyo. Anatafuta nakala ambayo haikupunguzwa kitu, na nakala za namna hiyo mara nyingi huja kwa FLAC. Akiichomeka, jina la faili halitokei kwenye orodha. Au linatokea, lakini akibonyeza, deki inaruka kwenda wimbo unaofuata. Au sekunde zinahesabika kwenye kioo na spika ziko kimya. Wengi husema deki imeshindwa kwa sababu FLAC ni nzito. Wanaionea. Kufungua FLAC ni kazi nyepesi kuliko kufungua MP3.

Tazama hesabu yake. CD ya kawaida hupima sauti mara 44,100 kila sekunde, kila kipimo kikiandikwa kwa biti 16, kwa njia mbili, ya kushoto na ya kulia. Hizo ni biti 1,411,200 kwa sekunde, au megabaiti 10 na nusu hivi kwa dakika. MP3 hupunguza mzigo huo kwa kutupa sehemu za sauti ambazo sikio halizitambui vizuri, na kilichotupwa hakirudi tena. FLAC, ambayo Josh Coalson alianza kuitengeneza mwaka 2000 na toleo lake la 1.0 likatoka 2001, haitupi kitu. Inakisia kipimo kinachofuata kutokana na vilivyotangulia, kisha inaandika tofauti iliyopo kati ya makisio na kipimo chenyewe. Wakati wa kupiga, deki inarudia makisio yaleyale, inaongeza ile tofauti, na inapata namba zilezile za mwanzo, biti kwa biti. Ni kuzidisha na kujumlisha namba kamili, basi. MP3 inadai hesabu ndefu zaidi, ya kuunda upya mawimbi ya sauti kutoka kwenye vipande vya masafa.

Kwa kawaida faili la FLAC hubaki na nusu hadi theluthi mbili hivi ya ukubwa wa awali. Nyimbo zilizotoka kwenye sahani za santuri za zamani zenye mchakacho mwingi hazipungui sana, kwa kuwa mchakacho haukisiki.

Kwa nini basi deki ikatae kazi nyepesi? Ndani yake mna chipu inayoendeshwa na programu iliyowekwa kiwandani, na programu hiyo ina orodha ya aina za mafaili inazozijua. Deki nyingi za DVD za bei nafuu ziliwekewa MP3, pengine WMA, na JPEG kwa ajili ya picha. FLAC haikuachwa kwa sababu ya gharama, maana matumizi yake hayalipiwi. Inaelekea iliachwa kwa sababu wanunuzi waliolengwa hawakuwa wakiiulizia. Aina isiyo kwenye orodha hiyo deki inaipita kama vile haipo, ndiyo maana hata jina halionekani. Kulibadilisha jina la faili ili liishie na MP3 hakusaidii: faili la FLAC huanza kwa alama zake nne, fLaC, na kinachofuata hakifanani na MP3 hata kidogo.

Kabla ya kulaumu chochote, fanya jaribio la mafaili matatu. Chukua wimbo mmoja kutoka kwenye CD yako mwenyewe, uuhifadhi kwa MP3, kwa WAV, yaani sauti isiyobanwa kabisa, na kwa FLAC, vyote kwa sampuli (vipimo) 44,100 kwa sekunde, na WAV na FLAC kwa biti 16. Programu za bure kama fre:ac na foobar2000 zinaifanya kazi hiyo. Yape majina mafupi yasiyo na herufi zenye alama za Kifaransa, na uyaweke wazi kwenye flashi, si ndani ya folda. Kisha chomeka na usikilize.

Yasipoonekana yote matatu, FLAC haina hatia. Tafuta kwenye flashi yenyewe. MP3 ikilia peke yake, deki yako inajua vilivyobanwa kwa namna hiyo tu. MP3 na WAV zikilia lakini FLAC isilie, basi tundu la USB ni zima, umeme unatosha, na kasi inatosha pia, kwa sababu WAV ndiyo yenye mzigo mkubwa kuliko zote. Kinachokosekana ni ujuzi wa FLAC tu. Na ikiwa yote matatu yanalia, huku FLAC uliyoletewa na rafiki inakataa, ugonjwa uko ndani ya faili hilo. Napenda jaribio hili kwa sababu linamaliza ubishi kabla hujatoa hata faranga moja.

Flashi isiyosomeka kabisa mara nyingi imepangwa kwa mfumo ambao deki haiujui. Deki nyingi za zamani zinaelewa FAT32. Flashi zenye ukubwa unaozidi gigabaiti 32 mara nyingi huuzwa zikiwa na exFAT, mfumo uliotolewa na Microsoft mwaka 2006, na kwa miaka mingi Windows yenyewe ilikataa kupanga FAT32 juu ya kiwango hicho. Tumia flashi ya gigabaiti 32 au chini, nakili kwanza vilivyomo kwenye kompyuta, kisha uipange upya kwa FAT32, na mgawanyo wa diski uwe wa namna ya zamani, MBR, badala ya ile mpya, GPT. Anayetumia diski ngumu ya nje ana jambo jingine la kuangalia: tundu la USB 2.0 kwa kanuni hutoa miliampea 500 kwa volti 5, na diski inayozunguka inaweza kudai zaidi ya hapo wakati wa kuanza. Ukisikia inagonga-gonga bila kuanza, ina njaa ya umeme.

Sasa lile faili linalokataa lenyewe, na hapa wapenzi wa muziki wa kwetu ndio huumia zaidi. Mwenda Jean-Bosco alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo. Anayehamisha sahani za enzi ile kwenda kwenye kompyuta kwa uangalifu hatumii vipimo vya CD. Mwongozo wa IASA, jumuiya ya kimataifa ya hifadhi za sauti, unataka angalau sampuli 48,000 na biti 24, na hifadhi nyingi hupanda hadi 96,000. Deki inayojua FLAC inaweza kuishia kwenye 48,000 na biti 16. Ikipewa 96,000 na biti 24 inanyamaza, au inaruka. Fungua sifa za faili kwenye kompyuta, usome namba hizo mbili. Zikizidi zile zilizoandikwa kwenye kijitabu cha deki, tengeneza nakala iliyoshushwa kwa ajili ya flashi. Kwa gitaa la kudonolewa kwa vidole bado utakuwa umepata kilicho bora kuliko MP3 ya kilobiti 128, ambayo huingiza kelele hafifu kabla tu ya kila mdonoo na kuufanya upoteze ukali wake.

Picha ya jalada nayo huleta shida. FLAC inaruhusu picha kukaa ndani ya faili hadi karibu megabaiti 16, na deki yenye kumbukumbu ndogo inaweza kukwama kabla haijaufikia muziki. Iondoe picha, au ipunguze. Wapo pia wanaobandika lebo za ID3, ambazo ni za MP3, mwanzoni mwa FLAC. Deki inatafuta zile alama nne, inakuta kitu kingine, inaacha. Na ukiona majina yanayoanza na nukta na mstari wa chini, hayo ni mafaili madogo yaliyoachwa na kompyuta ya Mac. Si nyimbo, yafute. Faili la M4A ni la kuchunguza zaidi, kwa kuwa linaweza kubeba AAC iliyopunguzwa au ALAC isiyopunguzwa, na jina la nje halikwambii ni ipi.

Umeme ukikatika wakati wa kunakili, faili linaweza kubaki nusu. Flashi za bandia ni mbaya zaidi: zimeandikwa gigabaiti 512 juu, ndani zina 8, na kila kinachozidi hapo kinaharibika kimyakimya. MP3 iliyoharibika kidogo mara nyingi hulia kwa kukwaruza na kuendelea. FLAC hubeba alama ya ukaguzi katika kila kipande chake, pamoja na nyingine ya wimbo mzima, kwa hiyo kifaa kinaujua uharibifu na huweza kusimama. Kwenye kompyuta, programu ya flac ina amri ya -t inayokagua wimbo mzima na kusema kama uko salama. Flashi yenyewe ipime kwa programu ya H2testw kabla ya kuiamini.

Ikithibitika kwamba deki haiijui FLAC, tazama kama mtengenezaji ametoa programu mpya ya modeli hiyo hasa. Kazi hiyo ifanye ukiwa na betri na inveta, maana umeme ukikatika katikati deki inaweza isiwake tena. Kama hakuna programu mpya, badilisha FLAC kuwa WAV: sauti haipotezi hata biti moja, ila wimbo wa dakika nne utachukua megabaiti 42 hivi na unaweza kupoteza jina la msanii. Usiipeleke kwenye MP3 kisha ukairudisha FLAC. Utapata faili kubwa lenye sauti ileile iliyopunguzwa.

Na deki iliyoikataa FLAC imekuwa ikipiga sauti isiyopunguzwa tangu siku iliyotoka kiwandani, kwa sababu CD ya muziki ndivyo ilivyo. Nunua CD-R ya dakika 80, fungua programu ya kuchoma diski, na uchague diski ya sauti, si diski ya data. Ukichoma ya data utakuwa umehamisha mafaili yaleyale yanayokataliwa. Programu nyingi za kuchoma huifungua FLAC zenyewe na kuishusha hadi 44,100 na biti 16 pale inapohitajika. Ile FLAC ya 96,000 usiifute, ibaki kwenye kompyuta pamoja na nakala yake mahali pengine.