Blanketi la Wasotho si dalili ya umaskini

Kwa sisi tunaoandaa safari za Waafrika Mashariki kwenda kusini mwa bara, hakuna kauli inayochosha kama ile ya kwamba watu wa Lesotho hujitanda mablanketi barabarani kwa sababu hawana uwezo wa kununua makoti. Nimeisikia mara nyingi mno, tena kutoka kwa watu waliosoma, na inaudhi zaidi inapotamkwa mbele ya wenyeji wenyewe. Huko Semonkong, mji wa Lesotho, mgeni wangu mmoja alimfuata mzee aliyekuwa juu ya farasi, akamnyooshea noti ili akanunue sweta. Mzee yule alikuwa akitoka kanisani, amevaa blanketi la sufu aina ya Seanamarena, ambalo ndilo lenye hadhi kubwa kuliko yote na bei yake si ya mchezo. Aliikataa noti kwa upole, lakini aibu iliyotupata sote ilikuwa kubwa.

Ukweli ni kwamba blanketi ni vazi la heshima. Zamani Wasotho walivaa ngozi za wanyama. Inasimuliwa kwamba mwaka 1860 Mfalme Moshoeshoe wa Kwanza alizawadiwa blanketi na mfanyabiashara wa Kizungu, na kabla ya karne ile kwisha vazi hilo lilikuwa limechukua nafasi ya ngozi. Lina taratibu zake. Mwanamume hulifunga kwa pini kwenye bega la kulia, mwanamke hulifunga kifuani, na mistari myembamba iliyofumwa ndani yake husimama wima, kwa kuwa mistari iliyosimama huashiria kukua na kustawi, ilhali kuilaza ni kujitakia kudumaa. Katika duka moja la Maseru nilimwona muuzaji, mama wa makamo, akimvua mteja wangu blanketi alilojitanda kimakosa, akaligeuza, akalifunga upya, wala hakupokea malipo mpaka aliporidhika na jinsi lilivyokaa. Pambo la hindi huashiria uzazi. Vijana wanaojiandaa kwenda jandoni wana blanketi lao liitwalo Moholobela. Mume naye humpa mkewe blanketi anapojifungua mtoto wa kwanza. Msomaji aliyekulia katika nyumba ambamo mzazi na biarusi hutunzwa kanga hahitaji maelezo marefu hapa, na ndiyo maana dharau hii inaniuma zaidi inapotoka kwetu.

Dhana ya pili ni kwamba Lesotho ni mkoa wa Afrika Kusini. Ni ufalme uliopata uhuru tarehe 4 Oktoba 1966, na kuzungukwa pande zote na jirani mmoja hakuufanyi kuwa mali yake. Pasipoti utaionyesha mpakani kama kwingineko. Randi hupokelewa nchini humo kwa thamani sawa na maloti, fedha ya Lesotho, lakini maduka ya Afrika Kusini hayapokei maloti, kwa hiyo yatumie kabla ya kuondoka.

Wapo pia wanaoamini kwamba baridi ya huko haiwezi kuizidi ya Lushoto au Njombe. Sehemu ya chini kabisa ya nchi hiyo iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kilele cha Thabana Ntlenyana kinafika mita 3,482, na theluji huanguka milimani kati ya Juni na Agosti. Nasisitiza kila mara watu wabebe koti zito na viatu vya kufunika mguu, na kila mara yupo anayeshuka garini na kandambili.

Kuhusu chakula, wasiwasi hauna msingi, kwani vyakula vya huko viitwavyo papa na moroho ni ugali na mboga za majani tu.

La mwisho ni la wapiga picha, wanaodhani kwamba kila wanachokiona ni maonyesho ya watalii. Vijana walio jandoni milimani hawapigwi picha kabisa. Kwa wengine, teremka garini, sema "Lumela, ntate" kwa baba au "Lumela, 'm'e" kwa mama, subiri ujibiwe, ndipo uombe ruhusa.