Mpangaji kutoka Chogo: yasemwayo barazani na yaliyo kweli

Dalali wa mtaa wetu hapa Ngamiani, Tanga mjini, ana swali analoliuliza kabla hata ya kutaja kodi: "Kabila gani?" Majuzi alimuuliza kijana aliyefika na kodi ya miezi sita kwenye bahasha ya kaki. "Mzigua," kijana akajibu. Dalali akacheka, maana lafudhi ilikuwa ya mbali. "Mzigua wa wapi?" "Wa Chogo." Hapo hapo chumba kikawa kimeshachukuliwa. Hadi leo kufuli ni lile lile mlangoni.

Alipoondoka, barazani maneno yakaanza, kahawa mkononi.

"Wale ni Wasomali tu." Nusu ya neno hili ni kweli, na ndiyo nusu inayopotosha. Chogo ni makazi ya wakimbizi yaliyoko Handeni, mkoa huu huu wa Tanga, na wengi wa waliopewa makazi pale ni Wazigua ambao mababu zao walichukuliwa kutoka upande huu karne ya 19. Simulizi zao zinataja njaa kali, ahadi za kazi ng'ambo, kisha mnada wa watumwa pwani ya Somalia. Waliotoroka mashamba ya mabwana walijificha kwenye misitu ya bonde la Mto Juba, wakalima, wakazaliana, na Kizigua hawakukiacha. Dola la Somalia lilipoanguka mwaka 1991 na wenye bunduki wakawavamia mashambani, baadhi yao walipanda vyombo wakaja huku walikokusikia kwa bibi zao. Wazee wa Handeni waliwaelewa bila mkalimani. Ukitaka kumwita mgeni mtu wa namna hiyo, sijui sisi tuliohamia Tanga mjini juzi tujiite nani.

"Ni wakimbizi, ukiwapangisha unafungwa." Hapa watu wanachanganya mambo matatu. Mwomba hifadhi ni aliyeingia nchini na ombi lake bado halijaamuliwa. Mkimbizi ni aliyekubaliwa. Hawa wawili, kwa Sheria ya Wakimbizi ya 1998, wanatakiwa kuishi eneo walilopangiwa, na kutoka ni kwa kibali. Usimpangishe mtu bila kuuliza kibali chake. Wa tatu ni raia wa tajnisi. Wengi wa Chogo wamepewa uraia wa Tanzania, kama walivyopewa Warundi zaidi ya 160,000 waliokimbilia nchini mwaka 1972 na kutangazwa raia mwaka 2014. Raia anaishi popote, Ngamiani au Ngara. Kumtambua si kwa kusikiliza lafudhi: mwombe kitambulisho. NIDA hutoa vya raia, vya wageni wakaazi na vya wakimbizi, kwa hiyo kadi yenyewe inasema.

"Wanajengewa nyumba za bure." Aliyesema hili hajaiona kambi. Nyumba nyingi za kambini ni tope, miti na turubai, na mwenyewe ndiye anayekanda udongo.

"Wageni wataharibu mtaa wetu." Mtaa upi? Mkonge uliingizwa nchini mwaka 1893, na mashamba yake yalipotanuka yaliita manamba, vibarua wa mkataba waliotambuliwa kwa namba, kutoka Ruanda-Urundi, Msumbiji, Unyamwezi na kwingineko. Wajukuu wao ndio mafundi baiskeli, walimu na wauza samaki wetu. Hata dalali mwenyewe, ukimbana, babu yake alishuka na treni akiwa na namba shingoni.

"Nyumba yangu, nampangisha nimtakaye." Hili ndilo gumu, na sitalipitia haraka. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza ubaguzi wa kabila na mahali mtu alipotoka, ila maneno yake yanawabana hasa wenye madaraka. Mwenyekiti wa mtaa akimnyima raia barua ya utambulisho kwa sababu ya kabila lake, anakosea. Mwenye nyumba binafsi ana uhuru zaidi. Lakini naye aulize yanayohusu nyumba: unafanya kazi gani, mko wangapi, mdhamini wako nani, umeme wa Luku mtagawanaje. Mkataba uandikwe, kodi na masharti yawe yale yale anayopewa mpangaji wa kutoka Pangani au Lushoto. Nimeona mtu "wa kabila fulani" akidaiwa ya mwaka mzima, jirani yake wa chumba cha pili analipa miezi mitatu. Choo kimoja, uani mmoja.

Mwenye nyumba ni bibi mmoja, mzaliwa wa Handeni. Jioni alitoka kufagia kibaraza, akauliza mbona chumba hakijapata mtu. Tukamweleza. Akasimama na ufagio.

"Mzigua? Na wewe ukamrudisha?"

"Bibi, wa Chogo yule."

"Namba yake ya simu iko wapi?"

Dalali akajipapasa mifuko yote miwili ya shati, halafu ya suruali.

"Nimeifuta, bibi."