Wazazi wakitengana: dhana potofu kuhusu mtoto, mali na wosia

Mzazi anayetengana na mwenzake humfuata wakili wa familia akiwa na swali moja kubwa: mtoto atakaa na nani? Wosia huuacha mpaka talaka itoke. Kesi huweza kuchukua miaka, na kifo hakisubiri hukumu.

Dhana: "Tumeshaachana, kwangu hana chake."

Kulala nyumba tofauti si talaka. Katika nchi nyingi, kabla talaka haijatolewa rasmi, mwenzako bado ni mume au mke wako kisheria. Ukifariki bila wosia, yumo kwenye orodha ya warithi, mara nyingi juu kabisa. Kama uliandika wosia mkiwa mnapendana, nao unasimama ulivyo. Hata talaka yenyewe haina jibu moja: England na Wales humhesabu mtalaka kwenye wosia wako kana kwamba alikwisha kufariki, lakini kwingine jina lake hubaki mpaka ulifute mwenyewe.

Halafu kuna fomu ya bima ya maisha au ya mafao ya uzeeni, ile uliyoijaza ulipoanza kazi. Kwenye mstari wa mnufaika kuna jina la mtu ambaye leo hamsalimiani. Mahali pengi fedha hizo hazipitii kwenye wosia kabisa, hulipwa yule aliyeandikwa. Ndiyo maana wakili makini huziomba fomu hizo kabla hajaandika hata sentensi moja ya wosia mpya.

Dhana: "Asipotoa matunzo, mtoto hamwoni."

Hili huniumiza kuliko yote, kwa sababu anayeadhibiwa ni mtoto. Matunzo ni haki yake, na kuonana na mzazi ni haki yake nyingine. Ibara ya 9 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 inataka mtoto aliyetenganishwa na mzazi aendelee kuonana naye mara kwa mara, isipokuwa kama kufanya hivyo kunamdhuru. Anayedai matunzo aende mahakamani kulidai deni, na aliyezuiwa kumwona mwanawe afanye vivyo hivyo huku akiendelea kulipa. Penye kipigo au vitisho mambo ni tofauti: hapo omba amri ya ulinzi haraka.

Dhana: "Mtoto mwenyewe atachagua."

Atasikilizwa, na uzito wa maneno yake utategemea umri na ukomavu wake. Anayeamua ni hakimu. Tafadhali msimkalishe sebuleni na kumuuliza anampenda nani zaidi.

Dhana: "Kwenye wosia nimemwandika dada yangu kuwa mlezi wa mwanangu, kwa hiyo baba wa mtoto hatampata."

Kwa kawaida jina hilo huanza kufanya kazi pale tu ambapo hakuna mzazi mwingine aliye hai mwenye haki ya malezi. Mtoto hagawiwi kama shamba. Unachoweza kukipanga kwa uhakika zaidi ni fedha zake. Mtoto mdogo hawezi kusimamia urithi wake, na usipomtaja msimamizi, huenda ukaangukia mikononi mwa mtalaka wako. Mteue mdhamini, yaani mtu wa kumshikia mtoto mali hiyo, eleza fedha zitumike kwa nini (karo, matibabu, makazi), na taja umri ambao mtoto atakabidhiwa kilichobaki. Mweleze mdhamini huyo mapema, akubali kwa kinywa chake.

Dhana: "Mali ni yangu, namwachia nimtakaye."

Si kila mahali. Ufaransa imewatengea watoto fungu lisilogusika: nusu ya mali kwa mtoto mmoja, thuluthi mbili kwa wawili, robo tatu kwa watatu au zaidi. Katika sheria ya Kiislamu wosia hauvuki thuluthi moja ya kinachobaki baada ya mazishi na madeni, ila warithi wakiridhia.

Dhana: "Wakili mmoja atatutosha sote wawili."

Msuluhishi mmoja anaweza kuwakalisha meza moja, na mara nyingi ni vizuri kuanzia hapo. Lakini kabla ya kutia saini, kila mmoja amwoneshe wakili wake rasimu ya makubaliano. Kisha iombeni mahakama iyathibitishe makubaliano hayo, maana mahali pengi bila amri yake ni vigumu kumbana anayeyavunja.