Afisa mhasibu: anayetia saini na anayeagiza

Afisa mhasibu ni mtumishi wa umma ambaye sheria inamtaka ajibu kuhusu kila shilingi ya idara yake. Nairobi, katika wizara, huyo ni katibu wa wizara. Hapa Kakamega, sawa na kaunti nyingine, kwa kawaida ni afisa mkuu wa idara. Waziri wa kaunti siye, ingawa sura yake ndiyo tunayoiona kwenye uzinduzi wa miradi. Waziri huelekeza sera na kuamua kipi kitangulie. Afisa mkuu huendesha idara, hulinda taratibu za zabuni na huidhinisha malipo.

Tuseme waziri ameahidi wakazi wa Shinyalu barabara ya changarawe kabla ya Krismasi. Mwanakandarasi amemwaga nusu tu, lakini ankara yake ni ya kazi nzima. Faili linafika mezani kwa afisa mkuu: vocha ya malipo imo, ankara imo, cheti cha kukamilika kwa kazi kimo, ila pale pa mhandisi hapana saini. Mara simu inalia, mheshimiwa anauliza mbona malipo yamekwama. Afisa akiidhinisha, mwanakandarasi anapata pesa zake. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu akija baadaye kuuliza changarawe iko wapi, Katiba, Kifungu cha 226, inamtaka afisa huyo ndiye awajibike kwa bunge la kaunti. Aliyepiga simu huenda wakati huo hata hayupo serikalini.

Zamani mambo yalikuwa mengine. Kabla ya Katiba ya 2010, waziri alikuwa mbunge na katibu wa wizara, wakati huo akiitwa katibu wa kudumu, aliteuliwa na Rais peke yake, bila kupitia kwa wabunge. Sasa waziri haruhusiwi kuwa mbunge. Jina la katibu hutoka kwenye orodha ya Tume ya Utumishi wa Umma, Rais humteua, kisha Bunge la Taifa humwidhinisha. Kaunti zilifuata mkondo huohuo kupitia Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012: bodi ya utumishi wa umma hupendekeza, gavana huteua, bunge la kaunti huidhinisha. Kwa hiyo afisa mkuu si mtu wa waziri, na waziri hana mamlaka ya kumfuta.

Kuna sehemu ya Kifungu hicho cha 226 ambayo natamani kila mkazi angeijua. Inasema mwenye wadhifa wa umma akielekeza au akiidhinisha pesa zitumike kinyume cha sheria, atailipa hasara hiyo mwenyewe, hata kama ameshaondoka ofisini. Tazama kwamba wametajwa wote wawili, aliyeagiza na aliyetia saini. Shida ni kwamba saini hubaki kwenye faili, na agizo la simu halibaki popote. Ndiyo maana afisa anayesema, “Mheshimiwa, naomba uniandikie,” anafanya kazi yake sawasawa, ingawa ofisini ataitwa mkaidi.

Kifungu cha 236 kinakataza afisa wa umma kuonewa kwa sababu ya kutekeleza wajibu wake. Lakini Sheria ya Serikali za Kaunti inampa gavana uwezo wa kumhamisha afisa mkuu kutoka idara moja hadi nyingine. Hapo ndipo ninapoona pengo. Afisa aliyekataa kuidhinisha vocha ya barabara anaweza kupelekwa idara nyingine bila kufutwa kazi, na faili likamngoja mwenzake. Kwa maoni yangu, uhamisho wa afisa mhasibu ungepaswa kuandikiwa sababu na kufikishwa mbele ya bunge la kaunti.

Mradi ukikwama katika wadi yako, usiishie kwa waziri. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Mwandikie afisa mkuu barua, uliza kiasi kilicholipwa, aliyeidhinisha malipo, na kama mhandisi alitia saini cheti.